Njema ya Waziri Faki

Alikuwako Sultani Badiru bin Hamadi katika mji wa Kitamwani, mwenye enzi na ndevu za kufukizwa udi, na tauni ilipopita na kuacha nyumba nyingi bila mtu wa kufungua mlango, akawaita mawaziri wa miji sita waandike mkataba, ili maradhi yakirudi yasiwakute wamekaa tu. Kalamu akapewa binti Mwanakheri, ambaye tauni ile ilimchukulia mama na dada kwa juma moja, na ndani ya kidau chake cha wino mlifungwa jini Kirimba kwa azima kali: kweli ikisemwa wino hutiririka, na uongo ukisemwa hukauka.

Siku kumi na saba wakabishana. Kila waziri alitaka jirani yake ndiye atangaze maradhi kwanza, ili yeye apate kumfungia bandari. Halua ikaliwa sinia kwa sinia, na mkataba una Bismillahi peke yake.

Na Mwanakheri alikuwa na lake moyoni. Aliyeketi mbele yake ni Faki, waziri wa Mwambasha, mgane mpole wa macho ya usingizi, na ndiye aliyeshuka chomboni Kitamwani mwaka ule wa tauni akaulizwa, "Habari za kwenu?" akajibu, "Njema," kama ajibuvyo kila mwenye adabu hata akiwa ametoka kuzika. Na chomboni mna wagonjwa wanne! Mwanakheri alitaka kumchukia, chuki ikakataa kukaa. Kila asubuhi alijikuta akimsogezea mto wa kuegemea. Wajakazi wakaona, na mji ukajua kabla yake mwenyewe.

Siku ya kumi na nane Faki akachelewa kufika.

"Habari za nyumbani, bwana waziri?" akauliza Mwanakheri.

"Njema, bibie."

Wino ukakauka kau! Kirimba akatoa kichwa kidauni, akapiga chafya. "Nani kaongopa? Koo limenikauka!"

"Afukuzwe!" akaruka waziri wa Shungwani. "Bandari yake ifungwe leo!"

Faki akainamia zulia. "Barua imefika asubuhi. Mtaa wa wafinyanzi, watu kumi na watatu wana homa na uvimbe wa mitoki, na mwanangu Tamima ni mmoja wao. Niliogopa mtatufungia hata dawa."

"Na mwaka ule?" akauliza Mwanakheri polepole.

"Niliogopa hivi hivi. Najua uliowazika, bibie. Nisamehe."

Mwanakheri akamgeukia Sultani. "Ewe Maulana, tukimfukuza aliyesema, kesho nani atasema? Na iandikwe: atakayesema kwanza apelekewe waganga na dawa siku hiyo hiyo, na vyombo vyake vingoje nje ya bandari kwa heshima na chakula. Na atakayeficha..."

"Huyo niachieni mimi," akasema Kirimba. "Mwaka mzima ulimi wake utajua neno moja. Akikanyagwa na punda, njema! Mkewe akitoroka, njema!"

Sultani akacheka hadi kilemba kikamlegea, na wino ukafoka hata ukamrukia wa Shungwani kanzuni. Wote sita wakatia mihuri, na kabla ya alasiri waganga wakaondoka na Faki, na kwa rehema za Mola Tamima akapona.

Baada ya siku arubaini chombo cha Faki kikarudi, kikangoja nje kama ilivyoandikwa. Mwanakheri akapanda mashua na sinia la wali, akaita kwa mbali, "Habari za nyumbani?"

"Njema," akajibu Faki, "lakini hamna mke."

Harusi ikachezwa siku saba, Tamima akapakwa hina mpaka viwikoni, na Sultani akawatunza nyumba na bustani ya makomamanga. Na funzo ni hili: mwenye kusema ugonjwa wake ashikwe mkono, asishikwe shati. Tangu hapo mtu wa Kitamwani haishii kwenye njema. Ukimuuliza habari, vuta kiti kwanza.