Ua la Bi Mwanahija na Mfumo Mpya

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani hii ya karibu ambayo kompyuta zilikuwa zimeshaanza kuzeeka, aliishi Muheza mama mmoja aliyeitwa Mwanahija binti Semboja. Wako wanaosimulia kwamba aliishi Korogwe. Ni Muheza.

Bi Mwanahija alikuwa na karakana ya kutarizi kanzu. Kwanza alitarizi kwa mkono, kisha akanunua mashine iliyotarizi yenyewe ikiongozwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo alihifadhi ua alilolibuni mwenyewe. Katika nyumba yao, bwana harusi hakutoka kwenda kufunga ndoa mpaka shangazi zake wameliona ua hilo kifuani mwake.

Alipougua aliwaita watoto wake waliobaki: Mwanamvua, aliye mkubwa, Hatibu, wa kati, na Kibibi, kitinda mimba. Akawaambia, "Karakana haigawanyiki. Siku mjukuu wangu Sefu atakapooa, atakayelitia ua langu kifuani mwake, karakana ni yake." Huyo Sefu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yao. Bi Mwanahija akafariki, na baadaye Sefu akaposa, akakubaliwa.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, unakwenda kuchemsha chai, unakunywa, unarudi, bado inawaza. Na kila asubuhi ilileta kwenye kioo swali lile lile: mfumo endeshi huu ni wa zamani na hautunzwi tena, je, uwekwe mpya? Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote. Ukiubadilisha huo, umebadilisha mwenye nyumba.

Wakamwuliza fundi. Akasema wauweke, maana ule wa zamani utawafia mkononi. Wakamwuliza fundi wa pili. Akasema wasiuweke, maana mashine yao haitaelewana na mpya. Wakamwuliza wa tatu. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, akasema wenzake wote wawili wamesema kweli. Wakarudi nyumbani wamechanganyikiwa kuliko walivyotoka.

Mwanamvua alitaka mfumo mpya. Hatibu hakuutaka. Kibibi, alipoulizwa na dada yake, alisema abonyeze. Alipoulizwa na kaka yake, alisema asibonyeze. Kila mmoja akaondoka akiamini kwamba Kibibi yuko upande wake.

Hatibu akaenda Tanga kununua nyuzi. Mwanamvua akaketi mbele ya kompyuta. Ikamwonya kwamba mfumo mpya utafuta vyote vilivyomo, basi anakili kwanza anachokitaka. Akalinakili ua kwenye flashi, akabonyeza.

Kompyuta ikaamka nyepesi kama iliyozaliwa jana. Lakini programu ya kutarizi, alipoitia upya, ilikataa kufunguka, na mashine ilipounganishwa haikutambuliwa. Hatibu aliporudi aliitazama, akamtazama na dada yake.

"Hongera, dada," akasema. "Sasa tunakaa bure kwa kasi zaidi."

Alizunguka mji hadi akapata, katika duka la kuchapa barua lililofungwa, kompyuta ya rika lile lile, yenye mfumo wa zamani ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Akaileta kwa baiskeli, akaitilia programu kutoka kwenye diski yake ya awali. Mashine ikanguruma. Ila ua halikuwamo. Ua lilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa kwa Mwanamvua, na hao wawili walikuwa hawasemezani.

Siku moja kabla ya ndoa, Mwanamvua aliingia karakanani, akaiweka flashi mezani, akakaa. Hatibu akaichomeka. Ua likafunguka. Sindano ikaanza kushona kwenye kanzu ya Sefu, petali kwa petali, nao wakaanza kutazamana tena kama ndugu. Ua lilipofika nusu, kompyuta ya Hatibu ikaganda. Kisha kioo kikawa cheusi, na haikuwaka tena.

"Nilisema," akasema Mwanamvua.

"Ulisema, ukafuta," akajibu Hatibu.

Kibibi, ambaye mpaka hapo alikuwa akikata ncha za nyuzi tu, aliichukua kanzu, akatunga uzi, akaishona nusu iliyobaki kwa mkono, akiifuatisha ile ya mashine. Asubuhi Sefu akavikwa. Ukilitazama ua kwa mbali, ni lile lile. Ukilikaribia, hujui ni lile au ni jingine. Shangazi wakapiga vigelegele, Sefu akatoka.

Baada ya karamu ndugu wale watatu wakakaa karakanani pamoja na Sefu. Sefu, kwa kuwa ua lilikuwa kifuani mwake, aliombwa aamue.

Mwanamvua akasema, "Nisingelinakili, lingekufa ndani ya kompyuta kuukuu. Mmeona wenyewe jinsi mfumo wa zamani unavyokufa."

Hatibu akasema, "Ni huo wa zamani uliolifungua. Wako mpya haukulitambua hata kwa jina."

Kibibi akasema, "Bila mimi, Sefu angetoka na nusu ua."

"Wewe ulituambia wote wawili ndiyo," akasema kaka yake.

"Na wote wawili mlikuwa na haki," akasema Kibibi. "Sasa nilaumiwe kwa lipi?"

Sefu alimtazama shangazi yake mkubwa, akamtazama baba yake mdogo, akamtazama shangazi yake mdogo, akaliinamia ua. Alifungua mdomo. Wakati huo huo kompyuta ya Mwanamvua, iliyoachwa ikiwaka mezani, ikang'aa na kuandika: mfumo mpya zaidi umepatikana, je, uwekwe?

Hakuna aliyeinua mkono. Sefu akafunga mdomo, na mpaka leo hajasema.

Basi semeni ninyi mliosikia. Mwanamvua aliyeliokoa ua, Hatibu aliyelifungua, na Kibibi aliyelimaliza: je, nani alistahili karakana? Na huyo mtakayempa, akikaa mbele ya swali lile kesho asubuhi, mtamwambia abonyeze nini?