Firigisi ya Gari la Kihiyo

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya juzi ambayo hata simu zilikuwapo, palikuwa na kijana wa milimani akiitwa Kihiyo. Alikuwa na kigari kidogo cha kwendea sokoni. Akakitoa injini, akakitia injini ya gari kubwa, na juu yake akafunga turbo, lile dude la kusukumia hewa ndani ili moto uwake kwa hasira. Mtu mwingine angeoa kwanza. Yeye alitaka kwanza angurume.

Siku ya kuposa akajisahau mbele ya watu. Akamwambia Bi Zeana, bibi aliyemlea mchumba wake Mwantumu, "Bibi, mjukuu wako nitakuja kumchukua kwa gari langu mwenyewe, na halitasimama njiani, kupanda wala kushuka."

Bi Zeana alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua uso. "Likisimama?"

"Halisimami, bibi."

"Nakuuliza likisimama."

Kihiyo akacheka. "Likisimama, Mwantumu arudi kwako mpaka mwaka mwingine."

"Haya, mmesikia," akasema Bi Zeana, na wazee wakasema wamesikia. Mwantumu naye alisikia, nyuma ya pazia. Yeye hakuulizwa.

Sasa gari lenyewe. Kwenye tambarare lilikwenda kama linafukuzwa. Likiona mlima, lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likagonga ndani ko-ko-ko kama mtu anatwanga kisamvu, kisha likazima. Na kwao Mwantumu ni juu mlimani.

Akaitwa fundi Hoza. Hoza hutibu kwa sikio. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anayepokea salamu kutoka kwa marehemu. Akasema, "Moto unawaka mapema mno." Akauchelewesha. Kugonga kukaisha, moshi ukabaki. Hoza akasema, "Limepona. Mimi ndiye."

Akaitwa Bi Staha. Bi Staha hutibu kwa pua. Akachomoa plagi, akainusa, akayatazama masizi yake. "Hili linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Hoza hakuona?"

"Hoza husikia tu, mama," akasema Kihiyo.

Akapunguza petroli. Moshi ukaisha, gari likaanza kuchemka. Bi Staha akasema, "Limepona. Mimi ndiye."

Akaitwa Mntangi. Mntangi hutibu kwa kompyuta, mikono yake misafi kuliko ya bwana harusi. Akachomeka waya, akatazama kioo chake, akatikisa kichwa. "Turbo inasukuma hewa kupita kiasi. Wenzangu wametibu kikohozi, pafu wameliacha." Akabonyeza, akapunguza hewa. Kuchemka kukaisha. Mntangi akasema, "Limepona. Mimi ndiye."

Na katika hao watatu hakuna aliyemwuliza mwenzake amegusa nini.

Siku ya harusi gari likapanda mlima bila kukohoa, mafundi watatu wamebanana kiti cha nyuma, kila mmoja akitabasamu peke yake. Likafika. Watu wakala. Ndipo Bi Zeana akatoka jikoni na bakuli lililofunikwa kawa.

Kwetu, kuku ana firigisi moja, na firigisi hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote barazani. Bi Zeana akasema, "Leo itakwenda kwa fundi aliyeliponya gari." Laiti angenyamaza. Mikono mitatu ikanyooka.

"Mimi nililinyamazisha," akasema Hoza. "Na wewe Staha, rudisha mkono. Hata ungeponya ndege, firigisi hailiwi na mwanamke."

"Mbona nilipokuwa nanusa masizi hukusema hayo?" akajibu Bi Staha. "Plagi haikuniuliza mimi nani."

"Wote wawili mlibahatisha," akasema Mntangi.

"Tulibahatisha?" Hoza akasimama. "Ngoja niondoe cha kwangu muone."

Akafungua boneti, akaurudisha moto ulipokuwa. Gari likagonga ko-ko-ko mpaka vikombe vikalia. "Mmeona?"

Bi Staha akarudisha petroli ilipokuwa. Moshi mweusi ukatoka, ukatua juu ya kanzu za wasindikizaji. "Mmeona?"

Mntangi akachomeka waya, akaanza kufuta alichoandika. Katikati ya kufuta, kompyuta ikaishiwa chaji. Gari likanyamaza kimya. Likapigwa ufunguo, kimya. Likapigwa tena, kimya.

"Mmeona?" akauliza Mntangi, kwa sauti ndogo.

Wazee wakaanza kukumbushana ahadi. Kihiyo akakaa chini na kanzu yake nyeupe, kichwa mikononi. Ndipo pazia likafunuka, Mwantumu akatoka na hina yake, shangazi zake wakimvuta nguo arudi ndani.

"Kihiyo, kwenu ni juu au chini?"

"Chini."

"Njia nzima?"

"Nzima. Ila pale darajani pamelala tambarare kidogo."

"Sasa injini ya nini?"

Bi Zeana akamsogelea mjukuu wake. Akamkabidhi lile bakuli. "Firigisi inakwenda na gari. Likifika bila kusimama, aliyelifikisha ale. Likisimama, bakuli linarudi kwangu, na wewe unarudi nalo."

Wakaachia breki. Gari lililozimika injini breki yake ni nzito kama jiwe. Kihiyo akaikanyaga kwa miguu miwili, jasho likimtoka mpaka kwenye kofia. Mwantumu, aliyetakiwa akae nyuma amefunikwa, alikaa mbele, mkono mmoja kwenye bakuli, mwingine kwenye breki ya mkono. "Kona. Kanyaga. Achia. Kanyaga, bwana wee."

Wakafika darajani. Mwendo ukapungua, ukapungua, kuku akawapita.

"Shukeni msukume," akasema Mwantumu.

"Nani aanze?" akauliza Mntangi.

"Wote."

Wakaruka gari likitembea, wakasukuma. Ndiyo siku ya kwanza hao watatu kugusa kitu kimoja kwa pamoja. Gari likavuka daraja, likaukuta mteremko, likaingia kwa Kihiyo katikati ya vigelegele. Halikusimama njiani.

Kawa ikafunuliwa.

"Bila sikio langu lisingepanda," akasema Hoza.

"Bila pua yangu lisingepanda. Na darajani nilisukuma kuliko ninyi," akasema Bi Staha.

"Bila mimi kulizima," akasema Mntangi bila haya, "mngeshuka na injini inayogonga, ikawapasukia njiani."

"Breki nilikanyaga mimi," akasema Kihiyo.

Mwantumu akasema, "Aliyewekwa rehani kwa majivuno yako ni mimi. Aliyewatoa huko juu ni mimi. Na bakuli liko mapajani mwangu."

"Lakini mke wangu," Kihiyo akamnong'oneza, "firigisi, unajua tena, ni ya wanaume."

Mwantumu akamtazama. Akaitazama firigisi, imeshapoa.

Basi hapo ndipo nilipowaachia. Mwenye sikio, mwenye pua, mwenye kompyuta, mwenye breki, na mwenye bakuli. Ukimtaja mwanamume, nieleze kwanza ni kwa kazi ipi, usinitajie ndevu. Haya, semeni, je, firigisi ile ilikuwa haki ya nani?