Balozi Mwenye Adabu Nyingi

Mwaka huo mvua iliwasahau wanyama. Mto ulibaki mchanga mtupu, na maji yalipatikana katika kisima kimoja tu, alichokichimba Bi Ngiri kwa meno yake. Lakini maji hayashibishi. Chakula kilikuwa kilimani kwa Mzee Nyani, penye mikwaju mingi na bila tone la maji.

Wawili hao walikuwa watani tangu enzi za mababu. Nyani hakumsalimu Ngiri bila kuutaja ule mkia unaosimama wima akikimbia, na Ngiri naye hakuyanyamazia makalio mekundu ya Nyani. Wakishatukanana vya kutosha, walibadilishana kibuyu cha maji na kapu la ukwaju, na watoto wa pande zote wakalala wameshiba.

Kisha Simba akaja kujilaza katikati ya njia, maana mfalme halali pembeni. Hapo Fisi akajitokeza.

"Nitakuwa balozi wenu," alisema. "Mimi humsifu Simba, naye hunipisha."

Bi Ngiri akampa kibuyu. Fisi akamwambia Simba kimejaa dawa ya minyoo, akapita, akayanywa maji yote nyuma ya kichaka. Kwa Nyani alidai kisima kimekauka. "Lakini Bi Ngiri anakusalimu kwa heshima na taadhima, wewe mzee mwenye hekima."

Nyani akamhurumia mtani wake, akampelekea kapu la ukwaju hata hivyo. Fisi akalimaliza njiani. "Mikwaju haikuzaa," alimwambia Bi Ngiri. "Ila Nyani anakuita mama wa kupigiwa mfano."

Ikawa hivyo siku nne. Fisi alinenepa na kujiona mwanadiplomasia. Mbavu za watoto wa Ngiri zikaanza kuhesabika.

Siku ya tano, akimkabidhi kibuyu, Bi Ngiri aliuliza, "Hajasema lolote kuhusu mkia wangu?"

"Hasha, mama. Nyani ana adabu zake."

Jibu hilo lilimchoma. Nyani na adabu wamejuana lini? Ama amenichukia, aliwaza, ama salamu hizi si zake. Jua la utosi lilipomlaza Simba fofofo, Bi Ngiri aliushusha mkia wake, akanyata, akampita.

Alimkuta Nyani amenuna, midomo imepasuka kwa kiu.

"Umeniita mzee mwenye hekima," Nyani alisema. "Nimekukosea nini?"

"Hekima utaitoa wapi wewe, na makalio hayo?"

Nyani alitokwa na machozi ya furaha. "Afadhali. Nilidhani umenitupa."

Punde Fisi akafika na kibuyu kitupu, akainama mpaka chini. "Bi Ngiri, kwa unyenyekevu mkubwa, anasikitika kwamba..."

"Endelea, balozi," alisema Bi Ngiri. "Nasikitika nini tena?"

Watoto wa Nyani walicheka hadi Simba akaamka. "Anachekwa nani?"

"Fisi, mfalme," alijibu Bi Ngiri. "Siku tano anayanywa maji ya kibuyu."

Simba alikuwa na kiu siku zote hizo. Akainuka taratibu. "Kumbe ulipitisha maji mbele ya pua yangu, ukaniambia dawa ya minyoo?"

Fisi alianza sifa moja ndefu, ila hakungoja kuimaliza. Akatimua mbio, Simba nyuma yake, na njia ikabaki wazi. Alasiri hiyo watoto wa Ngiri walikula ukwaju hadi wakashiba, huku Nyani akiikejeli mikia yao mmoja mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi.