Folda ya Picha Mbovu

Wapendwa, nikisema haraka haraka leo mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima na furaha yake imenishinda kuificha.

Alikuwepo mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutazama picha za mbinguni. Msicheke, kazi hiyo ipo. Galaksi ni kama mji wa nyota, mabilioni kwa mabilioni, na jua letu hili ni mkazi mmoja tu wa mji mmoja. Miji hiyo nayo huishi kwa makundi. Mengine yako mbali, hata mwanga wake ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwepo. Na ndani ya makundi hayo, mara nyingine, miji miwili huungana ikawa mmoja. Profesa mmoja wa chuo kikuu alikuwa akitafuta hiyo inayoungana, akampa mama yule picha elfu tatu kwenye kompyuta. "Mama, nitengee zinazoungana," akamwambia.

Sasa, mama huyu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, akaolewa na mgane mwenye wawili. Mwaka wa kwanza nyumba ilitulia kama maji ya mtungi. Picha ya harusi ilining'inia ukutani: watoto wake kushoto, wa mume kulia, wote wamechana nywele. Binti wa mume, wa miaka kumi na miwili, alimpa shikamoo kila asubuhi na asante kila baada ya kula. Basi. Hakumwita mama, hakumwita chochote. Majirani wakaisifu nyumba ile kwa adabu.

Mwaka wa pili mambo yakachafuka. Ndoo ya kuogea, ugomvi. Nani akae kwenye kochi, ugomvi. Rimoti ya televisheni ndiyo usiseme. Asubuhi moja mama akafungasha begi, akaliweka nyuma ya mlango.

"Baba, mimi nimeshindwa," akamwambia mumewe. "Nikitoka kazini leo nachukua wanangu, narudi kwetu."

"Mwaka jana tuliishi vizuri," mume akajibu kwa huzuni. "Sijui tumekosea wapi."

Akaenda kazini roho inamuuma. Mchana profesa akaja kukagua. Folda ya kwanza, ya zile mama alizodhani zinaungana, ilikuwa na galaksi zilizokaa mbili mbili, mviringo safi, zimesogeleana utadhani maharusi. Profesa akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Hizi mbili, moja iko nyuma kabisa ya mwenzake, mbali mno. Sisi tunaziona pamoja kwa sababu ya mahali tuliposimama. Na hizi zinapishana kwa kasi, hazina habari na mtu. Folda ya pili ina nini?"

"Hizo ni picha mbovu, Profesa. Zimepinda, zina mikia, zimechanikachanika. Nilitaka kuzifuta."

Profesa akaifungua, akasimama wima, mtu mzima yule.

"Usifute hata moja. Hizi ndizo ninazozitafuta! Zikianza kuungana, kila moja huvutwa na mwenzake mpaka umbo lake la zamani linachanika. Unaona mwanga huu wa bluu, hapa penye michaniko? Ni nyota mpya, zinazaliwa."

Mama akatazama, akatazama tena. Mnadhani alikuwa anaona nyota? Aliona kochi. Aliona ndoo ya kuogea.

Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Hata mlango hajaugusa, akasikia kelele jikoni. Akaingia, akakuta mwanawe wa mwisho na yule binti wa mume wameng'ang'ania sufuria moja, wanagombania ukoko wa wali. Binti, machozi yanamtoka kwa hasira, akamgeukia.

"Mama, mwone mwanao! Kamaliza ukoko wote, na mimi ndiye niliyepika!"

Mmesikia alivyomwita? Mwaka mzima wa adabu ulishindwa kulitoa neno lile, likatolewa na ukoko. Mama akaketi pale pale sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Kisha akakwangua kilichobaki, akawagawia wote wawili, akaenda kulifungua begi.

Sasa sisi. Tangu Pasaka ya mwaka jana mitaa yetu miwili iliunganishwa iwe kanisa moja. Wa Bondeni mnakaa upande wa dirisha, wa Mlimani upande wa kinanda. Kwaya mbili, sare mbili, kila moja kwa zamu yake. Nikitazama kutoka hapa mimbarani naona picha nzuri kweli, na wageni hunipongeza kwa amani yetu. Nami nilikuwa nazipokea hizo pongezi, Mungu anisamehe.

Nawauliza: nani kati yenu amewahi kukwaruzana na mtu wa upande ule? Mbona kimya? Hakuna hata mmoja? Basi ndugu zangu, hatujaungana. Tunapishana.

Sisemi mpigane. Nasema tusogeleane mpaka tuanze kuvutana, na tukiona tunapoteza umbo letu la zamani, tusikimbilie begi. Leo nimewaomba akina mama chai ya baada ya ibada ipikwe sufuria moja, si mbili kama tulivyozoea. Wa Bondeni najua mnaitaka yenye tangawizi, na wa Mlimani tangawizi hamtaki hata kuisikia. Nendeni mkavutane. Na mimi nakuja na kikombe changu.