Mwatumu Fisi na Jina la Kifisini

Hadithi hii aliitoa kwanza Bi Mwanahawa binti Shomvi, pale Mkwaja, mwaka 1953, katika mwezi wa Mfungo Tano, mchana, wanawake wakipukuchua mahindi uani. Wapo wanaoitoa wakamtia Simba. Simba hamo. Wapo wanaosema fisi mwenyewe alikuwa dume. Alikuwa jike, na jina lake Mwatumu. Anayetaka kuitoa na aitoe kama ilivyo.

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaamka bado. Na ninyi wakubwa huko nyuma, mnaojifanya mnapukuchua tu: paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, mito ilipokuwa na wenyewe na njia zikifungwa kwa neno tu, palikuwa na nchi ya fisi ikiitwa Kifisini.

Kifisini palikuwa na kisima kimoja. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Kisima kikawa tope. Tope likawa vumbi. Mwatumu alikuwa na watoto wawili, na ndimi zao zilikuwa zimekauka zikapasuka. Akitaka kuwalamba, mate hana.

Maji yalikuwapo. Yalikuwa mtoni, ng'ambo ya nchi ya swala. Lakini swala na majirani zao walikuwa wameifunga njia. Fisi hapiti. Mwezi ukiandama, baraza la majirani lingekaa kivukoni kusema neno la mwisho: fisi wapewe njia ya maji, au wasipewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Jumbe Fisi, mkuu wa Kifisini, akawaita watu wake.

"Jamani," akasema, "tumeharibiwa jina. Majirani wanatusema vibaya. Anatakiwa mtu azunguke huko nje atutengenezee jina. Aseme uzuri wetu, aseme, aseme, mpaka siku ya baraza kila mmoja awe anatutamani."

"Aende nani?"

"Mwatumu. Yeye meno yake madogo."

Mwatumu akafumba mdomo upesi, maana hakuwa na hakika.

"Na nikaseme nini, Jumbe?"

"Kaseme tunapenda wageni."

"Hilo wanalijua," sauti ikatoka nyuma.

"Basi kaseme mgeni akifika kwetu hupendezwa, hupendezwa, hata kwao hataki tena kurudi."

"Refu hilo, Jumbe. Watachoka kabla hatujamaliza."

"Kweli. Jina la nchi hutengenezwa kwa maneno machache. Lifupisheni."

Wakalifupisha. Wakakata huku, wakatafuna kule, kama wanavyofanya mfupa. Mwisho yakabaki maneno matatu:

"Aliyekuja kwetu hakurudi!"

Pa! pa! pa! Kifisini nzima ikapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Angelionea wapi, naye ni fisi?

Mwatumu akashika njia. Dipu, dipu, dipu. Moyoni anayarudia maneno yake asiyasahau. Akawakuta kanga wanaparuza chini. Akajitengeneza koo.

"Enyi kanga! Natoka Kifisini. Aliyekuja kwetu hakurudi!"

Purrrr! Kanga wote angani. Ukabaki unyoya mmoja unashuka polepole.

Mwatumu akautazama ule unyoya. Akasema moyoni, "Lo, wamefurahi! Wamekimbilia kuwaambia wenzao."

Dipu, dipu, dipu. Akawakuta ngiri wanagaagaa.

"Enyi ngiri! Natoka Kifisini. Aliyekuja kwetu hakurudi!"

Puku, puku, puku! Ngiri hao, mikia juu, wamepotea kwenye vumbi.

"Hawa nao wamekwenda kufunga mizigo," akasema Mwatumu. Akaona kazi ya kutengeneza jina si ngumu kama alivyodhani.

Dipu, dipu, dipu. Akamkuta Kobe katikati ya njia.

"Shikamoo, Bwana Kobe."

"Marahaba," akasema Kobe. "Lakini miguu usinishike kweli."

"Natoka Kifisini. Aliyekuja kwetu hakurudi!"

Thup! Kichwa ndani. Miguu ndani. Mkia ndani. Kobe hakuwa na mbawa, wala hakuwa na mbio, basi akabaki pale pale. Mwatumu akangoja. Mara sauti ikatoka ndani ya gamba.

"Umeshaondoka?"

"Bado."

"Ondoka basi."

"Bwana Kobe, mbona nawe huendi kuwaambia wenzako? Kanga wamekwenda. Ngiri wamekwenda."

"Mama, kanga hawakwenda. Walikimbia. Hebu sema tena hayo maneno yako. Polepole. Na safari hii ujisikilize mwenyewe."

Mwatumu akasema polepole. "Aliyekuja... kwetu... haku..."

Masikio yakamlala. Akawaona kanga angani. Akawaona ngiri na mikia yao. Aibu ikampanda toka miguuni hadi utosini. Kisha hofu ikamshika, maana siku zilikuwa zimebaki nane, na yeye alikuwa ametumia mbili kuwatisha majirani kwa sauti kubwa. Ikamtoka bila kutaka:

"Hi-hi-hiii! Hi-hi-hiii!"

"Na sasa unanicheka," akasema Kobe.

"Sikucheki! Sisi fisi tukiogopa ndivyo sauti inavyotutoka. Nimeogopa, Bwana Kobe. Nina watoto wawili hawana maji."

Pua ikachungulia toka gambani.

"Mnacheka mkiogopa?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo? Sisi tunalia msiba, ninyi huko mnacheka, kumbe mnaogopa?"

"Akitufukuza mkubwa wetu, tunacheka. Tukizidiwa, tunacheka. Hamkujua?"

"Tungejuaje? Umesema tangu Kifisini mpaka hapa. Umemwuliza mtu lolote?"

"Sikuambiwa niulize. Niliambiwa niseme."

"Basi nenda kamwulize Bi Swala, mkuu wa baraza. Na ukienda, badili njia yako ya kwenda. Ninyi mnakuja na upepo usoni, harufu yenu imebaki nyuma. Mtu hana habari, anastukia meno."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Kuwinda."

"Ee, kuwinda."

"Na kutembelea watu, mmefundishwaje?"

Mwatumu akafikiri. Akafikiri sana. Kifisini palikuwa na mwendo mmoja tu.

Basi akazunguka. Akazunguka mbali, hata upepo ukawa mgongoni kwake. Harufu yake ikamtangulia. Swala wakainua vichwa wakiwa na nafasi ya kutosha. Hakuna aliyekurupuka. Mwatumu akasimama mbali.

"Hodi!"

Bi Swala akamtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia fisi akipiga hodi.

"Karibu," akasema. "Ila usikaribie."

Mwatumu akaketi pale pale. Hakusifu kitu.

"Bi Swala, nimekuja kuuliza. Mnatuogopea nini?"

"Swali gani hilo? Mnatula."

"Tunawala," akasema Mwatumu. "Hilo sitalikana. Lakini chui naye anawala, na njia ya mtoni amepewa."

Swala wakatazamana.

"Chui tunajua saa yake," akasema Bi Swala. "Maji anakunywa saa ya maji, kuwinda anawinda saa ya kuwinda. Ninyi hatujui saa yenu. Mnakuja kimya, mnaondoka mnatucheka. Kuliwa tunaliwa na wengi. Kuchekwa tunachekwa na ninyi tu."

Mwatumu akamweleza habari ya kicheko. Bi Swala akasikiliza, sikio moja mbele, moja nyuma.

"Na nikitaka kuijua saa yenu?"

"Tutapita njia ya maji mchana, jua la utosi. Tutakuja na upepo mgongoni mtunuse. Na tutatoa sauti njia nzima mtusikie. Kwenye njia ya maji hakuna kuwinda."

"Maneno mazuri. Na ya kwanza yalikuwa mazuri hivyo hivyo?"

"Ya kwanza..." Mwatumu akatazama chini. "Ya kwanza usiniulize, mama."

Swala wachanga wakacheka. Walikwisha ambiwa na kanga.

"Siku zimebaki saba," akasema Bi Swala. "Tembeeni hivyo mbele yetu siku sita, mtoni msifike; ya saba ni baraza. Tutatazama."

Mwatumu akarudi Kifisini mbio. Jumbe akamlaki kwa shangwe.

"Enhe! Maneno yetu wameyapokeaje?"

"Wameyakimbia, Jumbe."

"Basi tutunge mengine."

"Hapana. Yamekwisha. Kinachotakiwa ni kutembea."

Akawaeleza. Fisi wakanung'unika. Kwenda na upepo mgongoni? Mchana kweupe? Na kelele? Hayo nayo ni maisha?

"Lakini kusema tutasema tu, si lazima tufanye?" akauliza Jumbe.

"Wale wana macho, Jumbe. Mimi siwezi kupita huko nasifu, na ninyi nyuma yangu mnanyemelea. Watoto wangu watakufa, na wako pia."

Wakakubali. Siku ya kwanza wakatembea hivyo. Ya pili. Ya tatu. Kanga wakaona, hawakuruka. Ya nne. Ya tano. Ngiri wakaona, mikia ikabaki chini. Ya sita, wote wakatembea vizuri, isipokuwa mmoja.

Nani? Mtajeni basi.

Jumbe Fisi. Alimwona swala jike amesimama peke yake kwenye majani. Mguu wake ukageuka wenyewe. Pua ikauelekea upepo. Nyata, nyata, nyata. Mwatumu akaliona lile tumbo linaburuzika kwenye majani. "Jumbe!" akapiga kelele. Swala akaruka. Fyu! Hayupo.

"Mazoea, mwanangu," akasema Jumbe, anajipangusa majani. "Na kwani nimepata kitu? Sikupata kitu. Aliyeona ni nani? Wewe tu. Basi kesho barazani usiliseme."

Mwatumu akamwacha anajipangusa. Akaenda akalala kati ya watoto wake wawili. Hawakuwa wakilia tena, na hilo ndilo lililomtisha.

Mwezi ukaandama. Baraza likakaa kivukoni, maji yanapita pale pale mbele ya macho. Swala upande huu, ngiri upande ule, kanga juu ya kichuguu, Kobe yu njiani anafika. Jumbe Fisi akajaza kifua, akafungua kinywa aanze kusifu. Mwatumu akasimama mbele yake.

"Kabla hajasema mtu," akasema, "nina neno baya. Jana Jumbe wetu alinyemelea. Hakupata kitu, lakini alinyemelea. Sikutaka mlisikie kwa mwingine. Siku tano tulitembea sote, na ya sita mmoja wetu alianguka. Hiyo ndiyo hesabu yetu, wala sina nyingine."

Kwa hofu kicheko kikamtoka: "Hi-hi-hiii!"

Hakuna aliyekimbia. Kanga mmoja akamwambia mwenzake, "Anaogopa, maskini."

Bi Swala akainuka.

"Yule swala kwenye majani nilikuwa mimi," akasema. "Nimekuja na hilo neno moyoni. Nilikuwa nangoja nione ninyi mtalificha au mtalitoa. Mngelificha, njia ingefungwa leo na kesho na siku zote."

Akawageukia wenzake. Wakanong'ona. Wakanong'ona. Kobe akawasili, akauliza wamefika wapi, wakaanza kumweleza upya. Mwatumu alikaribia kuzimia. Mwisho Bi Swala akasema:

"Fisi wamepewa njia. Mchana, upepo mgongoni, sauti juu. Na Jumbe atangulie mbele, acheke kuliko wote, ili tujue alipo."

Basi siku hiyo hiyo wakapita. Jumbe mbele, tumbo linatikisika, "Hi-hi-hiii! Hi-hi-hiii!", swala wamejipanga huku na huku wanamtazama. Safari hii fisi ndiye aliyechekwa. Mwatumu akapita mwisho, mtoto mmoja mdomoni, mmoja mgongoni. Akawatia majini mpaka kidevuni. Wakanywa. Glu, glu, glu. Na yeye akawatazama kwanza, ndipo akanywa.

Mafunzo yake ni haya, watoto, na wakubwa mlioacha kupukuchua: nchi haipati jina jema kwa kujisifu. Hulipata kwa kuwauliza majirani, kwa kutenda inachokisema, na kwa kutangulia kulisema kosa lake.

Nilichopewa ni hicho, nami nimekitoa, sikuongeza. Mwatumu hayupo tena. Jumbe hayupo, alivimbiwa. Bi Swala hayupo; alikufa kwa uzee, jambo ambalo si swala wengi hulipata. Bi Mwanahawa naye tulimzika Mkwaja. Kobe yu hai. Na mtoto mdogo wa Mwatumu yu hai, ingawa meno yamemtoka yote, na siku hizi kila mtu anamwamini.