Koti la Rutebuka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huielewa methali hii kwa tumbo: mgeni akibisha hodi, jiko huwashwa, na mwenyeji aliyezoea kulala na chai tupu naye hupata mnofu. Ni kweli. Lakini kuna maradhi yasiyotibika kwa mnofu, na hayo ndiyo yaliyomkalia Nyirangabo.

Nyirangabo alikuwa mjane wa miezi minne. Yeye na mumewe, Rutebuka, walitoka milima ya Kivu ya Kusini, wakakaa kambini miaka kumi na miwili, wakafika Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, vichwa vimeshaota mvi. Mwezi wa Novemba Rutebuka aliugua siku tisa, akafariki. Tangu mazishi, Nyirangabo aliufunga mlango wa chumba chao, akawa analala kwenye kochi sebuleni. Nguo za marehemu, ambazo kwa desturi hugawiwa siku ya kumaliza matanga, zilibaki mle ndani. Kila mara Mchungaji Theogene alipomkumbusha, alijibu, "Kesho." Kazini, kwenye ghala la kufungasha vifurushi, alikuwa kimya kama maji mtungini. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Bintiye, Isaro, aliyeishi katika mji wa mbali wa Buffalo, alikuwa ametoa kauli ya mwisho: mwezi ukiisha bila chumba kufunguliwa, angekuja kumchukua. Nyirangabo hakutaka kuondoka. Kaburi la Rutebuka lilikuwa Columbus.

Ijumaa moja ya Machi, mchungaji alimpigia simu akimwomba amlaze kijana mmoja kwa siku mbili, maana waliotarajiwa kumpokea walikuwa wameuguliwa na mtoto. Nyirangabo alitafuta sababu ya kukataa, asiipate. Hata kambini, chini ya turubai linalovuja, hakuwahi kumfukuza mgeni.

Alasiri kijana huyo, Rwema, alisimama mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, mfanyakazi wa kiwandani huko Louisville, mgongoni amebeba shanta kubwa, juu yake mkeka uliokunjwa na kisufuria kinachoning'inia. Nyirangabo alipoliona shanta lile, moyo ulimruka. Mizigo ya namna ile aliijua.

"Nani anakufukuza, mwanangu?"

"Hakuna mtu, mama," Rwema alijibu kwa Kiswahili cha Kivu. "Njo maana natembea."

Akaeleza kwamba amepata likizo ya wiki mbili, na anataka kuiona miji yote iliyo kati ya Louisville na Buffalo. Kazini walimcheka sana. Walimwambia kwamba watu wao wametembea na mizigo maisha yao yote wakikimbia, naye anaubeba wake kwa kupenda. Nyirangabo naye alikaribia kucheka, lakini midomo ilikuwa imesahau njia.

Akapika fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, chungu chake cha kwanza tangu msiba. Walipomaliza kula, Rwema aliukunjua mkeka wake sakafuni.

"Bon, mama, mimi nitalala hapa. Nimezoea."

Nyirangabo alimtazama. Nyumba yake ilikuwa na kitanda, na mgeni alikuwa akitandika chini. Huzuni ilimshika mkono mmoja, na utu ukamshika wa pili. Aliuendea mlango wa chumba chao.

"Kwangu mgeni halali chini," alisema, akageuza kitasa.

Harufu ya sabuni ya kunyolea ya Rutebuka ikamlaki. Alibadilisha shuka huku akilia, na Rwema akashika ncha za upande wa pili.

Asubuhi Rwema aliuliza mji wenyewe unaonekana wapi. Nyirangabo aliona haya, kwani kwa miaka sita aliijua njia ya kazini, ya kanisani na ya dukani tu. Akasema watakwenda wote. Upepo ulikuwa ukitikisa madirisha, na kijana alikuwa na jaketi jepesi kama karatasi. Nyirangabo akaingia chumbani, akalitoa koti zito la Rutebuka. Lakini hakumpa. Alilikumbatia ndani ya basi, na walipokuwa wakiwatazama wapiga ngoma kwenye kona za barabara, bado alikuwa amelikumbatia.

Juu ya daraja la mto, upepo uliwapiga hadi wakashika ukingo. Rwema alitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa, ila hakulalamika.

"Vaa," Nyirangabo alisema. "Huko Buffalo baridi haina huruma."

"Mama, hili ni la mzee."

"Mzee hasikii baridi tena."

Hakuwahi kulitamka hilo kwa kinywa chake. Rwema alilivaa koti, akatia mikono mifukoni, akatoa pipi mbili. Nyirangabo alizitambua. Rutebuka alikuwa akiwagawia watoto pipi kama hizo kanisani mahubiri yalipokuwa marefu. Alichukua moja, akamwachia kijana nyingine. Walizimumunya, upepo ukimkausha Nyirangabo machozi.

Jumapili, baada ya ibada, alimwambia mchungaji alete watu wenye haja ya nguo. Kisha akampigia Isaro.

"Usije kunichukua. Njoo kunisalimia tu. Na kuna kijana anakuja huko kwa basi. Utamjua kwa koti la baba yako. Usimlaze chini."

Usiku huo, Rwema akiwa ameshaondoka, Nyirangabo alilala kitandani mwake. Rwema alikaa siku mbili tu, na katika shanta lake hamkuwa na dawa. Hata hivyo, mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.