Mlinzi wa Daraja na Neno "Karibu"

Wapendwa, wakati wa vita kulikuwa na askari mmoja aliyepewa kazi ya kulinda daraja. Adui alilitaka sana daraja lile, na adui huyo alikuwa na masikio: kila kilichosemwa kwenye simu ya upepo alikinasa. Kwa hiyo wakubwa wakatunga lugha ya mafumbo. Risasi zikaitwa njugu. Mzinga ukaitwa bibi harusi. Adui akaitwa mgeni. Na amri ya kumpiga risasi ikawa neno moja tu: karibisha.

Mnacheka? Na wao walicheka, mwanzoni. Baada ya miezi michache neno lile likawa limewakaa mdomoni. Siku ya gulio ungewasikia sokoni, wamelewa kidogo: "Jana tumewakaribisha wageni, wewe! Hakurudi hata mmoja." Akina mama wauza nyanya, waliovuka daraja kutoka ng'ambo, walisikia, wakainamia nyanya zao.

Mchana mmoja yule askari akaona watu ng'ambo ya mto. Akachukua darubini. Akina mama, wazee, watoto mgongoni, magodoro kichwani, na nyuma yao moshi wa kijiji kilichochomwa. Akapiga simu.

"Afande, naona wageni."

"Wakaribishe."

"Hapana, afande. Hawa ni wageni kweli."

"Unanifundisha kazi? Mgeni ni mgeni. Karibisha!"

Jamani, hebu jiwekeni mahali pake. Aseme nini? Katika mafumbo yao yote hapakuwa na neno la mama aliyebeba godoro. Hawakumfikiria. Na kusema wazi kwenye simu ile lilikuwa kosa la kukupeleka mahakama ya jeshi. Akasema wazi.

"Afande, ni akina mama na watoto. Wamekimbia moto. Mimi hawa siwapigi."

Halafu yule mkubwa akasema, safari hii taratibu: "Basi wakaribishe. Kwa Kiswahili cha mama yako."

Askari akashusha pumzi. Alifurahi mno. Akapanda juu ya magunia ya mchanga, akapunga mkono, akaita kwa sauti yake yote: "Karibuni! Karibuni, wageni!"

Ndugu zangu, mnajua walifanya nini? Walijitupa chini. Mama mmoja akamlalia mtoto wake. Wengine wakatupa magodoro, wakageuka kurudi kule kule kwenye moto. Wauza nyanya walikuwa humo humo, na neno lile walikuwa wanalijua.

Akaita tena, wakazidi kukimbia. Mwisho akanyamaza. Akaweka bunduki chini, akavuka daraja mikono mitupu, akijua fika kwamba adui akimwona amekwisha. Akamkuta bibi kizee aliyeshindwa kukimbia, amelala kifudifudi kando ya mzigo wake. Hakumwambia kitu. Aliuinua mzigo, akajitwika, akamshika bibi mkono. Wenzake bibi walipoona askari amejitwika mzigo wa mtu wao, wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakavuka.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi hatuna bunduki, sivyo? Jumapili iliyopita tulimsimamisha dada mmoja pale nyuma, yeye na mtoto wake. Tukampigia makofi, tukamwimbia, karibu mgeni, karibu. Tulipotoka nje tukamkaribisha sawasawa. Huyo mtoto baba yake nani? Mbona hana pete? Alikotoka alifukuzwa kwa nini? Tulimpiga, wapendwa, na tulikuwa wengi. Haya, geukeni mtazame lile benchi la nyuma. Yuko wapi? Tunaita, watu wanakimbia, halafu tunarudi hapa kuomba eti mtaa huu una mioyo migumu!

Nimeambiwa yule dada anahama leo mchana, anaingia kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na vyombo anahamisha peke yake. Naomba asiende mtu kumwambia karibu. Neno hilo tumeliharibu wenyewe. Ana kitanda cha mbao, kizito, hawezi kukiinua. Mguu mmoja nimeshaushika mimi. Imebaki mitatu.